Karatasi za Kwenye Waya

Juzi, kwenye duka moja la Makambako, niliona risiti zimetungwa kwenye waya, nikaisikia tena harufu ya moshi wa jikoni kwetu Njombe. Kila jioni mama alizipekua karatasi zake, zilizotungwa vilevile, huku akishusha pumzi. Nilidhani ndizo madeni. Alasiri moja ya ukungu, alipokuwa shambani, nikazichoma zote ili apumzike.

Alirudi, akautazama waya mtupu. "Baridi ilikuzidi, mwanangu?"

Uso wake ulinitisha. "Ndiyo, mama."

Kumbe zilikuwa risiti za ada ya dada, ambayo alishamaliza kulipa. Shule ilipozidai, mama aliuza nguruwe wetu, akalipa upya.

Tulimzika mama akiamini ilikuwa baridi tu.