Mkungu wa Fundi na Mche wa Sabuni

Mti ule wa mkungu, mtaani Mchafukoge, ulikuwa karakana ya fundi cherehani. Hakuwa na baraza. Alikuwa na kivuli. Mwaka ule matawi yalivamiwa na wadudu gamba, vijidudu vinavyoganda kama vigaga vya kidonda na kudondosha majimaji ya kunata juu ya vitambaa vya wateja. Bosi wangu wa bustani za mji akaamua: dawa ikishindwa, mti ukatwe kabla ya masika.

Mimi, niliyekuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, ndiye niliyebeba bomba la kupulizia dawa. Nilipuliza. Wadudu wakazidi. Nikarudi kwa bosi.

"Wameizoea dawa," akasema. "Ongeza."

Kama wameizoea, kuongeza kunasaidia nini? Halafu nikaona tawi lililolala juu ya bati la jirani, ambako bomba halikufika. Lilikuwa safi. Vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vilikuwa vikiwatafuna wale wadudu gamba taratibu. Je, nilikuwa nawaua walinzi na kuwaacha wezi? Au lile tawi lilikuwa na bahati tu?

Nilimwomba fundi tuache dawa, tusugue matawi kwa maji ya sabuni. Sabuni! Mwaka ule ilikuwa adimu, watu wakiipangia foleni tangu alfajiri. Kesho yake alikuja na mche wa nyumbani kwake, kaufunga kwenye gazeti. Tukaanza kusugua, na foleni ya duka la ushirika ikatuona kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mti unaoga, sisi tunanuka!"

"Mpakeni na poda basi, shemeji!"

Fundi hakucheka. Mkewe alikuwa kwenye foleni hiyohiyo.

Wadudu wakapungua. Lakini mvua nayo ilikuwa imewahi, na dawa nilikuwa nimeiacha. Kipi kiliwashinda? Nilikuwa nimechanganya yote kwa pamoja.

Bosi akaja na watu wa msumeno. "Enhe, fundi, mti vipi?"

Fundi aliutazama msumeno. "Dawa yenu kiboko, mkuu. Imewamaliza."

Bosi akacheka, akanipiga begani, akawarudisha watu wake garini. Kisha akateremsha debe jipya la dawa. "Kila Jumatatu, kijana. Usilegee."

Gari lilipoondoka nikamgeukia fundi. "Mzee, mbona umesema hivyo?"

"Ulitaka nimwambie sabuni imemshinda yeye na dawa yake? Angeniachia kisiki."

Akaanza kukanyaga cherehani. Nilibaki na debe mkononi, nikijiuliza kama Jumatatu nipulize au nilimwage mtaroni, na bosi akija kukagua, mimi nitamwambia nini.