Waya wa Baba Yake Rozi

Jamani, hili nalisimulia huku nimefunika uso kwa kiganja, maana hata leo nikipita Pasiansi kuna mama mmoja muuza samaki ananiita kwa sauti, "Fundi, mshike asingurume!", nami napita kama sijamsikia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Mirongo yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa waliosafiri tu, nami nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na amplifaya pale Igogo, dirisha linatazama ziwa. (Dirisha hilo ndilo lililoniponza. Ukikaa mchana kutwa unatazama maji yametulia, na mawe kwa mbali yanaelea kwenye mwanga, lazima uanze kuota tu.) Siku moja nikanunua kimashine cha kuchapa lebo, unabonyeza herufi, kinakoroma kidogo, kinatema utepe mweupe wenye gundi. Nia ilikuwa njema kabisa, kila waya ndani ya amplifaya yangu ya kukodisha uwe na jina lake, ikiharibika nisihangaike.

Sasa badala ya kuandika "maiki" na "umeme" kama watu wenye akili zao, nikatazama ziwa, nikamkumbuka Rozi. Rozi alikuwa anaimba kwaya, na nilimpenda kiasi cha kushika chuma cha kuchomea upande wa moto. Waya wa maiki nikaubandika ROZI, kwa kuwa sauti yote inaanzia pale. Waya unaoipokea nikauandika MIMI, nyaya hizo mbili nikaziunga pamoja kwa risasi ya kuchomea, nikaupuliza moshi huku natabasamu peke yangu. Ukabaki waya wa ethi, yaani wa ardhini, ule mweusi, ambao ukilegea tu spika zinanguruma mpaka watu wanaziba masikio. Nikamfikiria baba yake Rozi (jina lake silitaji, mtaona kwa nini), mzee wa kanisa, mkali, ambaye nilipanga kutuma wazee kwake baada ya mavuno, maana kwetu kijana hajiposei mwenyewe. Nikabonyeza: BABA MKWE. Nikafunga boksi, ndoto zangu zote zimo ndani, nikajiambia nani atalifungua zaidi yangu?

Basi, ikaja sherehe ya kumuaga dada yake Rozi anayeolewa, turubai limefungwa Pasiansi, karibu kabisa na ufukwe, upepo unaingia taratibu, na muziki uliokodishwa ni wangu. Rozi anapita na trei ya soda, mimi nimeelea huko mawinguni, hata sisikii wimbo umekwisha. Baba yake akasimama na maiki awasalimie wageni, na palepale spika zikaanza kunguruma.

Nikakimbilia boksi, nikalifungua. Sikuzima, nilitaka nisikie ngurumo ikikoma (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi). Jua linanipiga usoni, sioni kitu.

"Shikamoo mzee. Kuna waya umelegea, subiri kidogo."

"Marahaba. Ngoja nikusaidie, mimi nina miwani." Akainama, maiki ikiwa mdomoni bado. "Huu umeandikwa ROZI."

Rozi, zikasema spika katikati ya ngurumo.

"Na huu MIMI. Naona wameshaungwa." Watu wakaanza kucheka. Nilitaka kusema, mzee, shusha maiki, lakini kwanza nikapapasa, nikaukuta ule mweusi nikaubana kwa kidole. Ngurumo ikakatika, pakawa kimya hata mawimbi yanasikika, na katika kimya hicho mzee akasoma vizuri, sauti safi kabisa, kazi yangu mwenyewe:

"Na huu unaoushika ni BABA MKWE."

Nikauachia kwa mshtuko. Spika zikanguruma.

Vichwa vyote vilimgeukia Rozi, aliyekuwa ameshajifunika trei usoni, na soda zote ziko chini. Mzee akamtazama, akanitazama mimi. Nikajua nimeshamkosa Rozi, na moyo uliniuma kweli, siwafichi.

"Mshike, kijana," akasema kwenye maiki. "Ukimwachia ananguruma."

Basi nikamshika. Hotuba nzima, nimeinama nyuma ya boksi, kidole kwenye waya, wageni hawana mbavu. Alipomaliza akaibandua ile lebo polepole, akaitia mfukoni, akaenda kukaa.

Wazee wangu walipokwenda kuposa, nikiwa sina matumaini, baba yake Rozi aliwaambia, "Mnachelewa. Huyu alishaposa mwenyewe kwa spika, Pasiansi nzima ilisikia. Leteni kwanza mbuzi wa faini."

Mbuzi alikwenda. Siku hizi kimashine anacho Rozi, anabandikia makopo ya chumvi na sukari, na nyaya zangu naziandika namba tu. Isipokuwa ule mweusi. Huo nimeuacha bila lebo yoyote, kwa sababu mzee sasa ni mkwe wangu wa kweli, na mkwe hatajwi ovyo.