Seva ya Nakapanya Iliyogoma Kuwaka

Nilisafiri kwenda Nakapanya kwa sababu ya barua niliyoiandika mwenyewe. Kazi yangu, katika ofisi ndogo pale Msamala, mjini Songea, ni kupeleka mfumo endeshi kwenye seva za vituo vya afya kwa njia ya mtandao, bila hata kuinuka kitini. Seva nne zilipokea vizuri. Ya tano, ya Nakapanya, iligoma kuwaka, nami nikaandika kwamba mtunza kumbukumbu wa pale, Bi Zuhura, amechezea nyaya. Baadaye nikasikia amepewa barua ya kujieleza, na uamuzi unangoja fundi afike. Fundi huyo ni mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi basi la Masasi liliondoka Songea. Namtumbo tulisimama kidogo. Mabanda ya tumbaku yalikuwa yanatoa moshi, na jirani yangu akanunua mahindi ya kuchemsha akanimegea. Tulipoipita Tunduru na mikorosho kuanza kuandamana na barabara, nilikuwa najiandaa kukutana na mtu mkali.

Saa saba mchana nilishuka Nakapanya. Bi Zuhura, mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari. Kula kwanza."

Nilikataa chakula, nikawasha seva. Iliomba namba yake ya mtandao, ikaipata, kisha ikasimama na mstari mmoja wa maandishi. Mkono wangu ukaenda kwenye kebo.

"Kebo nzima," akasema taratibu. "Ingekuwa mbovu, hiyo namba ingetoka wapi? Siku ile kwenye simu nilikusomea mstari huo mara mbili. Ukanikatisha."

Ni kweli, nilimkatisha. Nikafungua mipangilio ya ile programu iliyomo ndani ya mashine, inayoamka kabla ya nyingine zote. Seva hii ilikuwa mpya kuliko zile nne. Ilijua kuwaka kwa mtindo mpya tu, na mimi kutoka Msamala nilikuwa nikiipelekea faili la kuwashia la mtindo wa zamani. Hakuna aliyechezea kitu. Nilibadilisha faili, nikaiwasha upya, na mfumo ukaanza kujipakia.

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu."

"Nimesikia. Lakini ile barua hukuniandikia mimi."

Tukaenda wote kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo. Nilieleza nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo kosa halikuwa huku?" akauliza.

"Halikuwa huku kabisa."

Nikaandika barua nyingine palepale mezani kwake, nikasaini, Bi Zuhura akiisoma neno kwa neno.

Kesho yake jioni nilikuwa Songea. Bosi wangu aliisoma nakala, akanuna.

"Lazima ujitaje kwa jina?"

"Ile ya kwanza ilimtaja yeye kwa jina."

Siku hizi kituo kikipiga simu, naandika kila wanachokisoma kwenye skrini kabla sijasema langu. Kazi inakwenda polepole zaidi, na makosa mengi nayakuta kwangu. Bi Zuhura yuko kazini bado. Nikimpigia, hujibu nilichouliza tu, kwa adabu, kisha huniambia kuna wagonjwa wanamngoja.