Karatasi ya Friji Niliificha Mimi

Kosa ni langu, msimtafute mwingine. Mimi ndiye niliyeiponza zahanati ya kijiji chetu huku Muleba, na nilifanya hivyo nikicheka moyoni.

Nilikuwa mfanya usafi pale. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, nilipata wengi, nikawatia kwenye friji ya chanjo wasiharibike. Nilikosea, najua! Lakini Sista, muuguzi wetu mkuu, si angeniita pembeni? Aliwatoa mbele ya akina mama wote wa kliniki. "Hii ni friji ya watoto, siyo ya senene wako!" Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Tangu siku hiyo hata sokoni Kamachumu nikaitwa Mama Senene. Nikaapa huyu atanikoma!

Wakaja watu wa wilaya kuipima zahanati, wale wanaotoa nyota za ubora. Nilijua wangetaka karatasi ya joto la friji, ile aliyokuwa akiijaza Sista asubuhi na jioni bila kukosa. Kabla hawajafika niliikunja, nikaisokomeza ndani ya kitenge changu.

"Waitu, Mama, hujaiona karatasi yangu?" aliniuliza, huku akipekua droo.

"Sijaiona, Sista."

Jamani, raha niliyoisikia!

Bila karatasi ya kuonyesha friji haikupata joto, nani atasema chanjo ni nzima? Zikaondolewa zote, na friji ikafuata. Nyota hatukupata hata moja. Sista akahamishiwa visiwani, huko ziwani. Siku anaondoka nilikaanga senene, nikala taratibu mlangoni ili anione.

Chanjo ikawa ya kufuata Kamachumu. Binti yangu alikuwa na mtoto wa miezi tisa. Akasema ataenda wiki ijayo, kwanza aanue kahawa. Surua haikumngoja! Mjukuu wangu alipona, masikio hayakupona.

Binti yangu bado anamlaani Sista kwa uzembe. Na mimi karatasi ninayo sandukuni, imejazwa yote, hakuna siku iliyorukwa!

Wewe unayemvizia mwenzako kazini, mfuate umtukane usoni, mgombane yaishe. Kazi yake usiiguse, hujui inamlinda nani.

Nilitaka kumkomoa Sista. Huko visiwani nasikia anachanja watoto wa wavuvi, hana habari na mimi. Niliyemkomoa yuko hapa migombani kwangu anacheza. Namwita mpaka koo linakauka, wala hageuki.