Siku Herufi za Kiingereza Ziliponivua Shati Barierini

Ndugu zangu, mtu mwenye akili zake angeuficha mkasa huu hadi kaburini, lakini nusu ya soko la Uvira iliuona kwa macho yake, na wengine walikuwa wananisugua mgongo, kwa hiyo bora niusimulie mwenyewe kabla hamjaupata umeshatiwa chumvi.

Mnajua nilivyo. Uasi ulipoanza shule ilifungwa, wamisionari wakaondoka, nami nikabaki na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada (niliiokota uani mwa misheni, kuku alishaanza kuilalia) na hamu moja tu, kukijua Kiingereza bila kosa hata dogo, ingawa mtaani kwetu Rugenge kote hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kifaransa kila aliyepita shuleni alikuwa nacho kidogo, Kiingereza tulikisikia redioni tu. Ili maneno yakae kichwani nikajitungia mchezo: nachagua herufi tatu, kisha natafuta maneno yenye herufi hizo zote, popote zilipo ndani ya neno. Nikawasumbua na watu, hadi wakanibandika jina la Mwalimu. Mama Riziki, anayeuza nyanya na ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, hakuweza kunipimia kitu kabla sijamuuliza neno, na Baba Shabani, fundi wa cherehani, akiniona naja alikuwa anainama kutafuta sindano ambayo haijapotea.

Sasa, karatasi. Maduka yalikuwa yamefungwa na karatasi haipatikani, ndipo asubuhi ile nikafanya uamuzi mdogo sana: nikaandika A, T, R kwenye mkono, kwa wino, nizifikirie njiani. T ikapinda. Mimi na T iliyopinda hatuwezi kukaa mwili mmoja, nikaiandika upya juu yake, halafu nikaona si haki mkono mmoja tu upendeze, nikaandika na wa pili, kisha kifua, kisha tumbo (tumboni niliziandika kichwa chini, ili nikiinama nizisome vizuri). Nikavaa shati, nikaenda kununua ndagala.

Kabla ya soko kulikuwa na barieri, kizuizi cha barabarani cha wapiganaji wa uasi. Kila mtu alijua wameoshwa kwa maji ya dawa ili risasi isiwaingie, na kwamba dawa ile ina miiko mingi, mmojawapo ni kutokaribiwa na alama za dawa ya mtu mwingine. Hata mimi nilijua. Ila nilijua kama mtu anavyojua mambo yasiyomhusu. Nikanyoosha kitambulisho, mkono wa shati ukapanda.

"Hii ni nini?" mpiganaji akauliza.

"Herufi."

"Za kazi gani?"

Nikiogopa huwa nasema ukweli kwa mpangilio mbaya. Nikasema, "Zinatafuta maneno."

Akaruka nyuma. "Komanda! Kuja uone! Huyu muntu iko na herufi zenye kutafuta! Weye, toa shati!"

Nikalitoa. Soko lote likageuka kunitazama, hata mbuzi, naapa.

"Na za tumbo zimegeuzwa," yule mpiganaji akasema kwa sauti ndogo. "Komanda, hii ni dawa ya adui. Tena ya kugeuza risasi."

Komanda hakupoteza maneno. "Mumupeleke kule kambini."

Vijana waliopelekwa kule kambini tuliwajua kwa majina, kwa sababu mama zao walikuwa bado wanayataja wakiwaulizia.

Hapo Mama Riziki akaziacha nyanya zake, akaja kusimama mbele ya bunduki. "Musimupeleke! Minye namujua huyu mutoto. Haiko na dawa, iko na wazimu ya Kiingereza tu! Ni muchezo, Komanda, anatuchokesha nayo kila siku!"

Komanda akanitazama toka kichwani hadi kitovuni. "Kama ni muchezo, acheze. A, T, R. Toa neno moja."

Neno moja! Nilikuwa nayo mengi. Lakini hili nililiona la kawaida mno, lile la kitoto, jingine sikuwa na hakika nalo, nami nilitaka lile zuri kuliko yote, kwa hiyo nikasimama kifua wazi nikichagua, jasho likiushusha wino, na kinywani hakitoki kitu.

"Haijui," mpiganaji akasema, akanishika bega.

"Tomato!" Mama Riziki akapiga kelele. "Tomato, Komanda! Minye najua, ndiyo nauza!"

Nami (Mungu anisamehe) nikageuka nikamwambia, "Hapana, Mama. Tomato haina R."

"Weye mupumbavu!" akalia. "Minye nakuokoa, weye unakatala?"

"Lakini kweli haina. T iko mbili, R hakuna."

Komanda akaanza kutikisika mabega, nikadhani ni hasira, kumbe ni kicheko. "Mupelelezi gani huyu," akasema, "anaokolewa na anabisha?"

Baba Shabani akaona mwanya. "Wota!" akaita. "Maji, Komanda, maji! Mwalimu, iko na R?"

"Iko nayo, mwishoni."

Basi soko likafunguka: maketi, fada, kila mtu anatupa lake na kunitazama, nami nahukumu, bila shati.

Komanda akanirudishia kitambulisho. "Mumuoshe. Hayo maandiko nisiyaone tena. Na shati avae akiwa safi."

Wanawake wakanishusha ziwani, wakanisugua mwili mzima, hata mgongo usio na herufi, kwa mchanga na kipande cha sabuni, wakicheka hadi kulia. "Chini ya mukaba iko zingine?" mmoja akauliza. Nikasema hapana. (Ilikuwepo moja, pajani. Ilifutika yenyewe baada ya muda.)

Mama Riziki ndiye aliyecheka kuliko wote, lakini mikono yake mgongoni mwangu ilikuwa inatetemeka, wala haikuwa baridi ya maji. Ndipo nikaelewa amefanya nini kwa mtoto asiye wake. Nikaanza kutafuta maneno yanayostahili, nikayapanga, nikayapangua.

"Mama, mimi..."

"Geuka," akasema, "upande huu bado."

"Asante, Mama."

"Ndiyo. Geuka."

Tangu siku hiyo ngozi yangu haijaandikwa kitu. Na mtu akinirushia neno la kuniokoa nalidaka kwanza, herufi zake nitazikagua nikishafika nyumbani.