Kopi ya Moyo

Simu ilitetema saa nne asubuhi, nikiwa darasani Masasi. Kwa kawaida sipokei simu nikifundisha, na mwanafunzi anayepokea yake namtoa nje bila huruma. Lakini aliyepiga alikuwa binti niliyemfundisha mwaka uliopita, sasa mhudumu wa gari la wagonjwa upande wa Newala, na huyo si mtu wa kupiga simu za salamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, sema."

Alikuwa zahanati. Aliletewa bibi mmoja aliyezimia mara mbili akianika korosho. Mapigo yalikuwa thelathini na sita kwa dakika. Akamfunga mashine ya moyo.

"Mdundo ni wa kawaida, mwalimu, ila polepole. Milima imepangana vizuri, sawasawa na ile karatasi yako ya kufundishia. Nikasema ni uzee tu. Wanawe wamempakia kwenye bodaboda, wamerudi naye nyumbani. Ila moyo wangu haujatulia, ndiyo maana nimekupigia."

Nikamkatiza, "Na vilima?"

Niseme kidogo hapa. Mashine ya moyo huchora mstari kwenye karatasi. Kila pigo huanza na kilima kidogo, hiyo ni amri kutoka vyumba vya juu vya moyo. Halafu unakuja mlima mrefu, vyumba vya chini vimetii. Kilima, mlima, kilima, mlima. Vilima vikienda kivyao na milima kivyao, ujue amri haifiki chini, na mtu wa namna hiyo anaweza kukata roho huku anaongea na wewe. Nimelifundisha hilo mpaka koo likakauka.

"Kuna vinundu vidogo vidogo vimetapakaa," akasema. "Niliviona. Nikajua ni uchafu wa mashine, maana kwenye karatasi yako havimo."

Nilitaka kumfokea. Mdomo ulishafunguka kabisa. Kisha nikaitazama karatasi hiyohiyo, iliyokuwa mkononi mwangu.

Karatasi za mashine ya moyo hufifia kwa joto, na joto la Masasi halina mzaha. Kwa hiyo zamani nilitoa kopi ya mchoro mmoja mzuri wa moyo wenye afya. Ilipochakaa nikatoa kopi ya ile kopi, na kila mwaka hivyohivyo, kwenye duka moja lenye mashine inayokohoa. Mimi nilikuwa naviona vilima kila siku kwa sababu najua vinapokaa. Siku hiyo nikatazama kama mgeni. Milima ilikuwepo. Katikati yake palikuwa peupe.

Nikaiinua juu darasa zima lione. "Nani anakiona kilima?"

Mikono yote ikanyooka. Yote! Watoto wa watu wenye adabu, waliofundishwa nyumbani kwamba mwalimu akisema kipo, kipo. Na mimi mwenye ukali wangu ndiye niliyemalizia kazi hiyo. Niliogopa siku hiyo kama ambavyo sijawahi kuogopa. Nilikuwa nimewatuma wangapi kwenye magari ya wagonjwa, Masasi na Newala, wasioamini macho yao?

Nikamwambia binti anitumie picha ya mchoro wa bibi. Mtandao ukasuasua, duara likazunguka kwenye kioo, na wanafunzi wakanitazama bila kupumua. Picha ilipofunguka sikuhitaji miwani. Vilima vilikuwa vingi, vimejipanga vizuri, vinakwenda zao. Milima ilikuwa michache, nayo inakwenda zake.

"Mfuate," nikamwambia. "Chukua mashine, chukua gari, mfuate sasa hivi. Huyo si wa nyumbani, ni wa hospitali kubwa. Asitembee hata kwenda chooni."

"Nimekosa, mwalimu."

"Nenda!"

Sikumwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Nilijiambia nitamwambia baadaye, bibi akishapona, tutakapokuwa na nafasi ya kuongea vizuri. Ukweli ni kwamba niliogopa kulisema mbele ya darasa.

Nikachukua chaki nikachora moyo ubaoni kwa mkono, vilima vikubwa kupita kiasi. Hakuna aliyecheka. Mwanafunzi mmoja wa mbele akaniuliza kwa upole kama niletewe maji. Nilimkatalia kwa ukali, halafu nikayataka.

Nilihesabu njia kichwani: kutoka zahanati mpaka kwa bibi, mchanga ule mwekundu, gari litakwama wapi, akinamama wakibishana kwamba mgonjwa amelala aachwe apumzike. Nilimwomba Mungu bibi huyo awe mbishi tu, mtu wa kukataa kufa kwa sababu korosho zake bado ziko juani.

Simu ilitetema tena saa sita kasoro. Ilikuwa picha, bila salamu. Karatasi ya mashine ya moyo imetandazwa juu ya kanga, na juu yake mstari mmoja, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kilima. Hakuna mlima.

Chini yake aliandika: "Mwalimu, hii nimeisoma sawa?"

Nikamjibu kwamba ameisoma sawa.