Anayeranda Haamkiwi

Tuanze na uongo, ili tuumalize mapema. Luhende Chenge, fundi seremala wa Kirumba, hakukatwa vidole kwa sababu ya pombe. Wanaosema alikuwa chakari hawakuwapo, na Obedi, fundi aliyekuwa naye karakanani, hajawahi kusema hivyo. Kinywaji cha Luhende kilikuwa chai ya maziwa, na soda siku za harusi. Yapo pia maneno kwamba alijaa majivuno: kwamba aliandika mlangoni mwa karakana yake kukataza watu wasimwamkie, na kwamba akikutana na mtu alimpa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kana kwamba mwenzake ana upele. Maandishi yalikuwapo. Kifundo alikitoa. Sababu ndiyo hawakuijua, na aliyewanyima sababu hiyo ni yeye mwenyewe.

Alizaliwa Magu, katika nyumba ya wakulima wa pamba, akawa mtoto asiyeweza kuona fimbo iliyopinda akaiacha. Alipofika Mwanza kutafuta kazi, alipokelewa na mzee Msafiri, fundi aliyekuwa na karakana ndogo karibu na soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo harufu ya vumbi la mninga hugombana na harufu ya dagaa mchana kutwa. Mzee Msafiri alimfundisha kwanza randa ya mkono, hadi viganja vikaota sugu. Ndipo akamruhusu kuigusa mashine ya randa.

Asiyeijua mashine hiyo huiona kama meza tu. Ni meza mbili za chuma zilizofuatana, na katikati yake kuna ufa. Ndani ya ufa huo huzunguka pipa dogo lenye visu. Mbao hupitishwa juu yake kifudifudi, visu vikaila kidogo kidogo kutoka chini, ikatoka upande wa pili imenyooka. Visu vikizunguka kwa kasi havionekani. Huonekana wingu tu la kijivu, na wingu halitishi mtu.

"Mashine haina ndugu wala shemeji," mzee Msafiri alizoea kumwambia. "Ukiipa mbao inakula mbao, ukiipa kidole inakula kidole, na haisemi samahani."

Luhende alicheka, lakini alishika. Hakuna aliyewahi kumwona akiranda na mikono mirefu ya shati, wala na glavu, maana kitambaa kikinaswa huvuta na kilichomo ndani. Kabla ya kuwasha, aliipapasa mbao yote kutafuta misumari na mafundo, akatazama nyuzi zake zinalala upande gani. Aliila mbao kwa wembamba wa unyoya, hakuila kwa tamaa. Kipande kifupi kuliko mkono wake kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole alikirudisha kwenye randa ya mkono. Nyuma ya mbao alisukuma kwa kibao chenye mshikio. Kinga ya chuma, ile inayofunika visu na kusogezwa na mbao yenyewe inapopita, hakuifungua hata mteja alipomharakisha. Mafundi wengine walimtania kwamba anairanda mbao kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Alipotaka kumwoa Selina, mwalimu wa sekondari, nyumbani kwao Magu palikuwa na minong'ono. Binti amesoma, akaolewe na mtu wa maranda? Aliyeimaliza minong'ono hiyo ni mama wa binti, Ng'washi.

"Mwenye kunyoosha mbao hatampinda mwanangu," alisema, na shauri likafungwa.

Luhende hakuisahau kauli ile. Alimheshimu mama mkwe wake kwa namna ya kwao, ambayo vijana wa mjini wameanza kuiona kichekesho. Hakumpa mkono. Hakumtazama usoni. Wakikutana njiani, yeye aliacha njia, akageuza uso na kuinamisha kichwa mpaka mama apite. Na mama naye alijifunika khanga, akageuka upande wake. Salamu zilipitia kwa Selina, baadaye kwa binti yao Queen. Mkwe alimtengenezea mama kiti cha kuegemea, mama akampelekea mchele mpya kila mavuno, na hawakuwahi kutazamana. Walipendana kwa migongo.

Basi siku moja mama Ng'washi alikuja Mwanza bila kutarajiwa. Macho yalikuwa yamemsumbua, mtoto wa jicho ameanza kumtanda, na jirani aliyekuwa akija mjini akamwambia, twende leo leo. Simu yake ilizima njiani. Alijua Selina yuko darasani na mlango wa nyumba umefungwa. Alichokumbuka ni jina la karakana ya mkwe wake, naye bodaboda akamshusha hapo.

Asubuhi ile Luhende alikuwa amekoroga gamalaki ya kung'arishia mbao. Kila fundi anajua gamalaki huyeyushwa kwa spiriti, na kopo lilikuwa limemmwagikia kifuani. Alikusudia kubadili shati akimaliza mbao moja tu, ubavu wa kitanda cha mninga. Mashine wakati ule ilielekea ukutani, hivyo aliyeiendesha aliupa mlango mgongo. Obedi, fundi mwenzake, alikuwa pembeni akipiga msasa.

Mbao ilikuwa imefika nusu. Mkono wa kushoto ulikuwa mbele ukiilaza, wa kulia ukiisukuma kwa kibao. Nyuma yake, karibu kabisa, sauti ikauliza:

"Wanangu, hapa ndipo kwa Luhende?"

Mama Ng'washi alikuwa amekaribia kwa sababu haoni vizuri. Asingemkaribia mkwe wake hivyo kwa makusudi hata kwa kulipwa ng'ombe. Luhende aliijua sauti kabla ya kuifikiri, na mwili wake ukafanya kile ulichofundishwa tangu utoto. Uliondoka njiani. Uso ulielekea kando, kichwa kikainama, mkono wa kushoto ukaiachia mbao.

Mbao iliyoachiwa juu ya visu haisubiri adabu. Iliinuka mbele, ikarushwa nyuma, na mkono wa kulia uliokuwa ukiegemea ukakosa cha kuegemea. Kinga ilirudi mahali pake, lakini mkono ulikuwa umetangulia. Kidole cha kati kilikwenda, cha pete kikakifuata.

Mama Ng'washi hakuona. Alipotambua kwamba mtu yule ndiye mkwe wake, alijifunika khanga na kugeuka hapo hapo, kama mkwe yeyote mwenye adabu. Alisikia mlio wa mashine ukibadilika na Obedi akipiga yowe. Walipompitisha Luhende karibu naye kumpakia kwenye bajaji, mkono umeviringishwa shati la Obedi, alichokipata ni harufu. Ilikuwa harufu kali ya spiriti kutoka kifuani kwa mumewe Selina, saa za kazi, mchana kweupe.

Hospitalini, Selina alimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji nene kama mkate.

"Baba Queen, ilikuwaje? Wewe?"

Alimweleza, kwa maneno machache. Kisha akasema, "Mama asijue."

"Asijue nini? Hakufanya kosa."

"Ndiyo maana. Akijua, atajiona amefanya. Unamjua mama yako. Atarudi Magu asile. Kosa ni langu, Mwalimu. Mtu mwenye mbao juu ya visu hana mkwe, hana mchungaji, hana mkuu wa wilaya. Angezima kwanza, ndipo aheshimu." Akatabasamu kidogo. "Mzee Msafiri alitaja ndugu na shemeji. Mkwe alimsahau."

Obedi naye aliombwa kunyamaza, akanyamaza.

Jioni ile Selina alirudi nyumbani akamkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, kama mtu aliyefiwa.

"Mwanangu," mama alisema, "mimi ndiye niliyekuozesha kwa mlevi."

"Mama, Luhende hanywi."

"Nimenusa kwa pua yangu. Macho yamekwisha, pua bado."

"Ni spiriti ya kazi. Ya gamalaki."

"Haya. Ya kazi." Mama alimpapasa mkono, kwa huruma ile anayopewa mke anayemfichia mumewe. "Mvumilie. Hata baba yako alikuwa na yake."

Huruma hiyo ndiyo iliyobeba habari hadi Magu. Mama hakusengenya, aliomba maombi. Aliwaambia wanawake wenzake wa kanisani wamwombee mkwe wake aache pombe, na ombi likageuka habari, habari ikapanda basi ikarudi Mwanza, ikashukia Kirumba ikiwa imenenepa. Wateja wakaanza kumchungulia Luhende macho kama ni mekundu. Mmoja aliyekuwa ameagiza madawati ya kanisa akahamishia kazi kwingine, kwa upole, bila kusema kwa nini.

Selina alimsihi zaidi ya mara moja. "Niruhusu niseme. Jina letu linaoza."

"Jina ni langu au la mama?"

"Ni letu sote."

"Basi na libebwe na mwenye mabega," alijibu, akaendelea kujifunza kushika patasi kwa vidole vilivyobaki.

Alipopona aliigeuza mashine ikaelekea mlango, ili anayeiendesha amwone kila anayeingia. Akafunga kamba kukatiza mlango. Juu ya ubao wa mninga, kwa mwandiko ulioyumba wa mkono uliopungua vidole, akaandika kwa rangi nyeupe: ANAYERANDA HAAMKIWI. Mteja alisimama nje ya kamba. Luhende aliipitisha mbao hadi mwisho, akazima, akangoja mlio ufe na visu vionekane vimesimama kimoja kimoja. Ndipo akatoka, akavua kofia, akaamkia kwa urefu: habari za nyumbani, watoto, mifugo. Waliongoja walijua hakuna fundi mwenye salamu ndefu kama zake. Wasiongoja ndio waliosambaza maneno. Na kile kifundo cha mkono alikitoa kama atoavyo mtu mwenye mikono michafu, na mikono ya fundi huwa michafu siku zote, hivyo hakulazimika kueleza. Aliona haya. Hakutaka kila salamu igeuke swali.

Binamu yake Venant, mtani wake wa kuzaliwa, ndiye aliyelifurahia bango lile kuliko wote. Akifika kwenye kamba alipiga kelele, "Jamani, vueni viatu! Mfalme anaranda! Asiamkiwe mpaka amalize chupa!"

"Ingia, mbwa wewe," Luhende alimjibu, akicheka. Mtani hanuniwi.

Luhende alifariki kwa presha, ghafla, akiwa hajazeeka. Kwenye matanga Venant alitimiza haki yake ya utani. Alivaa koti la maranda la marehemu, akakunja vidole viwili, akaweka ubao juu ya viti viwili na kuanza kuuranda huku akiyumba.

"Nani huyo anaamkia? Siamkiwi! Nishikieni chupa kwanza, nihesabu vidole! Kimoja... viwili... vingine viko wapi?"

Waombolezaji walicheka mpaka wakafuta machozi. Hata Queen alicheka. Mama Ng'washi, amekaa mkekani pamoja na wazee, alitikisa kichwa taratibu. "Alikuwa mwema," alisema, "pombe tu."

Selina akasimama. Mfiwa hasimami katikati ya utani, watu wakageuka kumtazama.

"Luhende hakulewa. Siku ile wala siku nyingine."

"Shemeji, ni utani," Venant alisema, koti likimning'inia.

"Utani ni wako, endelea nao. Chupa uiondoe."

"Sawa, naiondoa. Sasa kama si chupa, ilikuwa nini? Fundi kama yule!"

Selina alimwona mama yake amegeuza uso kuelekea sauti, macho yale meupe yakimtafuta. Kulikuwa na jibu la sentensi moja. Lingemsafisha marehemu mbele ya ukoo mzima, na lingemwangukia kikongwe aliyeketi mkekani.

"Mbao ilirudi," alisema, akaketi.

Hakuna aliyeridhika. Waliondoka na kile walichokuja nacho.

Mama Ng'washi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, Magu, kwenye kiti kile cha mninga. Alasiri moja Selina alikwenda kumtembelea, wakawa wanabangua karanga juu ya ungo, mama akibangua kwa vidole maana macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Akapapasa mkono wa kiti, mahali palipolainika kwa kushikwa.

"Huyu hakuwa mlevi," alisema. "Mlevi hanyooshi hivi." Akabangua nyingine. "Selina. Nilipofika pale, mashine ilikuwa inalia?"

Mwaka jana mama naye alizikwa. Kwa sababu hiyo haya yameandikwa sasa, si kabla, kwa ajili ya Queen na watoto wake, wasije wakamwonea aibu mtu anayestahili kuwapa fahari. Bango lipo nyumbani, sebuleni, na halitauzwa.

Siku chache baada ya mazishi, Venant alifika. Alikuwa ameshasikia kisa chote kwa Obedi, ambaye hakuona tena wa kumfichia. Hakuleta utani. Alisimama mlangoni kwa muda, kana kwamba kamba ile bado ipo.

"Shemeji, nimemcheka mtu bure. Miaka yote ile."

"Naye alicheka na wewe. Kaa, unywe chai."

Alikaa. Alizungusha kikombe bila kunywa. "Mama lakini... alikuja kujua? Ulimwambia?"

"Umekuja kunipa pole, au kunihoji?"

"Nauliza tu, shemeji. Ili roho itulie."

"Roho yako itulie kwa lingine. Luhende hakulewa, hilo litangaze Kirumba nzima, na Magu ukifika. Yaliyosemwa kati yangu na mama yangu juu ya ungo wa karanga, siyasemi. Chai inapoa."